Tovuti na baruapepe kwa kampuni ndogo ya utalii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Natengeneza na kutunza tovuti hapa Moshi. Wateja wangu wengi ni kampuni ndogo za utalii: mtu alianza akiwa mpagazi, akawa mwongoza watalii, akakata leseni, na leo ana ofisi ya chumba kimoja akigombania wageni na kampuni zenye magari ishirini. Maswali haya ndiyo wanayoniletea, nami nimeyajibu nikiwafikiria wao. Mwenye nyumba ya wageni Paje au duka la vitenge Kariakoo naye atakuta mengi yanamhusu.

Nina Instagram na WhatsApp, na wageni wanakuja. Tovuti ya nini?

Huenda huihitaji bado. Kama wageni wako wote unaletewa na wakala mmoja wa Ulaya, au unauzia watu wa mtaani wanaokujua kwa sura, pesa ya tovuti ipeleke kwenye mahema. Lakini mfikirie mgeni wa Kanada anayetakiwa kutuma dola elfu mbili kwa mtu asiyewahi kumwona. Kabla ya kutuma atalitafuta jina lako Google, na akikuta ukurasa wa Instagram peke yake ataanza kusita. Tena ukurasa ule si wako. Ukifungiwa asubuhi moja, picha, ujumbe na wafuasi vyote vimekwenda, na hakuna ofisi ya kwenda kubisha hodi.

Pesa ikiwa kidogo, anza na jina la kikoa na baruapepe yenye jina hilo. Tovuti itasubiri. Wengi hufanya kinyume: wanamaliza pesa kwenye tovuti nzuri, halafu chini kabisa wanaandika anwani ya Gmail.

Kikoa ni nini, na kina tofauti gani na hosti?

Chukua mfano wa fremu ya duka. Hosti ni fremu uliyopanga: nafasi kwenye seva ya mtu, yaani kompyuta inayowaka muda wote, unalipa kodi, ukichoka unahama. Tovuti ni bidhaa ulizozipanga humo ndani. Kikoa, yaani jina kama jinalako.co.tz, ni bango la juu ya mlango, tena bango ambalo hakuna mwingine duniani anayeruhusiwa kulitundika muda wote unaolilipia. Ukihama fremu unaondoka na bango lako, na wateja wanaendelea kukupata. Baruapepe ni sanduku la posta lenye jina hilohilo, na halilazimiki kuwa kwenye jengo moja na duka. Ukilishika hili la mwisho, nusu ya maswali yaliyobaki yatakuwa mepesi.

Nichukue .co.tz au .com?

Ukiweza, chukua zote mbili, moja iwe kuu na nyingine ielekeze kwenye hiyo kuu. Ya .com hugharimu takribani dola 10 hadi 20 kwa mwaka. Ya .co.tz inauzwa na wasajili (kampuni zinazosajili vikoa) walioidhinishwa wa hapa nchini, na uzuri wake ni kwamba una mtu wa kumpigia simu kwa Kiswahili siku ya shida. Kama ni moja tu, kwa anayeuzia Watanzania nasema .co.tz bila kusita. Kwa anayeuzia wageni wa nje, .com, kwa kuwa ndiyo vidole vyao vimeizoea. Kuna pia .or.tz kwa asasi na .hotel.tz kwa mahoteli. Ndugu zetu wa Kenya wana .co.ke chini ya KENIC, wasimamizi wa vikoa vya kwao.

Jina lenyewe nilichagueje?

Lifanyie jaribio la simu. Mpigie mtu, mtajie jina mara moja, mwambie aliandike. Akikosea, wageni watakosea pia. Jina lenye "ng" na "mb" sisi tunalitamka bila shida, lakini Mfaransa atalibananga. Alama kama ile ya "ng'ombe" haikubaliki kwenye kikoa. Zinazoruhusiwa ni herufi, tarakimu na kistari, na kistari nacho husahaulika. Neno Kilimanjaro lina herufi kumi na moja. Ukiliongezea maneno matatu ya Kiingereza umepata anwani ambayo hakuna atakayeiandika sawasawa.

Kabla ya kulipa, hakikisha jina hilo linapatikana pia BRELA, wanakosajili majina ya biashara. Nimeona mtu ananunua kikoa, anachapisha kadi za biashara, kisha anakuta jina la biashara limeshasajiliwa na mwingine.

Fundi wangu amesema atanisajilia kila kitu mwenyewe. Kuna ubaya?

Hapa naomba usome polepole, maana hasara nyingi nilizoziona zilianzia hapa.

Mteja mmoja alinijia katikati ya msimu wa juu, tovuti imezimika na baruapepe haiingii. Fundi aliyemtengenezea miaka ya nyuma alikuwa amesajili kikoa kwa jina lake mwenyewe na kwa anwani yake mwenyewe. Hakuwa mwizi. Alipata kazi kwingine, akabadilisha namba, na barua za kukumbusha malipo zikawa zinaingia kwenye sanduku ambalo hakuna aliyelifungua. Tulihangaika wiki kadhaa tukionyesha leseni na cheti cha usajili, lakini kwenye kumbukumbu za msajili mwenye jina alikuwa yule fundi. Mwishowe tulichukua jina jipya. Magari mawili yalirudi kwa fundi wa rangi kufutwa anwani ya zamani milangoni, na wageni waliokuwa na anwani ile hatukuwapata wote.

Kwa hiyo: fundi afanye kazi, lakini akaunti ya msajili ifunguliwe kwa jina la kampuni, namba yako ya simu, na baruapepe yako binafsi. Isiwe baruapepe ya kikoa hichohicho, maana kikizimika nayo imezimika, na ujumbe wa kubadilisha nenosiri hutaupata. Lipa wewe mwenyewe. Wasajili wengi wa hapa wanapokea malipo ya simu. Siku ya kukabidhiwa kazi, dai njia ya kuingia kwa msajili, kwenye hosti, kwenye usimamizi wa tovuti na kwenye usimamizi wa baruapepe, kisha uingie kote mbele yake na ubadilishe maneno ya siri. Fundi mzuri hatachukia. Anayesema "wewe usijali, niachie mimi" ana nia njema pengine, ila na yeye ni binadamu, anaweza kuugua au kuhama.

Yote haya yatanigharimu kiasi gani?

Uliza kwa mafungu mawili. Kuna gharama ya mara moja, yaani kutengeneza tovuti, ambayo ni mapatano yako na fundi. Na kuna za kudumu: kikoa kwa mwaka, hosti kwa mwaka, baruapepe kwa kila mtu kwa mwezi au mwaka. Za kudumu ndizo zinazowaangusha watu. Ziandike kwenye daftari pamoja na tarehe, kama unavyoandika ada ya leseni. Ukipewa bei moja ya jumla bila mchanganuo, omba mchanganuo.

Nitumie WordPress au niandikiwe tovuti tangu mwanzo?

Kwa kampuni ndogo, WordPress. Imekuwepo tangu 2003, programu yenyewe ni ya bure, na fundi mmoja akiondoka utampata mwingine anayeijua bila kutoka mjini. Kasoro yake ni kwamba inadai matunzo: usipoisasisha, yenyewe na programu-jalizi zake (programu ndogo za kuiongezea kazi), siku moja utakuta tovuti yako ya safari inauza dawa za nguvu za kiume kwa lugha usiyoijua. Weka programu-jalizi chache, na nakala rudufu ikae nje ya hosti yenyewe.

Niweke nini humo ndani?

Usinakili maelezo ya Serengeti kutoka kwa kampuni nyingine. Mgeni ameshayasoma mara kumi. Anachotafuta ni kile unachokijua wewe uliyepanda mlima mara mia.

Kila njia ipe ukurasa wake: Marangu, Machame, Lemosho, Rongai, Umbwe. Sema ni siku ngapi, watu wanalala wapi kila usiku, nani njia hiyo inamfaa na nani haimfai. Marangu ndiyo njia pekee yenye vibanda vya kulala. Kwa mtu anayechukia hema hilo ni jambo kubwa, liseme wazi. Sema kwamba siku moja ya nyongeza inausaidia mwili kuzoea kimo kabla ya kufika Uhuru, mita 5,895. Halafu bei, na chini ya bei andika kilichomo na kisichokuwemo: tozo za hifadhi, mishahara ya wapagazi na wapishi, chakula, mahema, usafiri hadi lango, bahashishi. Kampuni zinazoficha bei na kuandika "wasiliana nasi" zinadhani zinamvuta mgeni. Mimi naona zinamfukuza, maana hapohapo amefungua tovuti nyingine nne.

Weka picha yako na ya timu yako, namba ya leseni, mtaa ilipo ofisi, na namba ya WhatsApp yenye msimbo wa nchi, +255. Kiingereza kikikusumbua, mpe mtu akupitie. Na fungua wasifu wa biashara kwenye Google, ni bure, ili uonekane kwenye ramani na wageni wakuandikie maoni.

Mbona tovuti yangu inafunguka polepole?

Picha. Picha ya simu ya kisasa ina megabaiti tatu hadi tano, na wewe umeziweka kumi ukurasa wa kwanza. Zipunguze upana hadi pikseli 1,600 hivi na uzihifadhi kwa muundo wa WebP. Nyingi zitashuka chini ya kilobaiti 300 na jicho halitaona tofauti.

Kivinjari kinaandika kwamba tovuti yangu si salama.

Haina cheti cha usalama, au kimeisha muda. Tangu Julai 2018 Chrome inaiwekea onyo tovuti yoyote isiyotumia https, yaani mawasiliano yaliyofungwa kwa cheti hicho. Cheti cha Let's Encrypt ni cha bure na hosti nyingi hukiweka na kukihuisha zenyewe. Anayekutoza pesa nyingi kwa cheti tu, mwulize unalipia nini.

Gmail ya bure ina ubaya gani? Nimeitumia miaka kumi.

Inafanya kazi, na wala usiifute. Tatizo ni kwamba yeyote anaweza kufungua Gmail inayofanana na yako kwa tofauti ya herufi au tarakimu moja, akajiita wewe. Anwani ya kikoa chako hakuna awezaye kuifungua ila wewe. Pia mfanyakazi akiondoka na Gmail aliyoifungua mwenyewe, ameondoka na mazungumzo yote ya wageni wako. Anwani ya kampuni unabadilisha nenosiri, kazi inaendelea.

Hosti imenipa baruapepe bure. Kwa nini nilipie Google, Microsoft au Zoho?

Ile ya hosti inatosha kwa anayepokea barua chache. Udhaifu wake ni majirani: seva moja ina tovuti mamia, na mmoja wao akituma barua taka, sifa ya seva nzima inachafuka na zako zinakataliwa pia. Nafasi nayo ni ndogo. Mara ngapi nimeitwa kwa sababu "barua haziingii" kumbe sanduku limejaa picha za pasipoti.

Kama malipo ya wageni yanategemea baruapepe, lipia huduma kamili, hata kama ni kwa mtu mmoja. Zoho kwa muda mrefu imekuwa na mpango wa bure wa watu hadi watano, ila unasoma kwenye kivinjari au programu yake tu.

Nifungue anwani ngapi?

Sanduku la kulipia moja au mawili yanatosha. Zilizobaki ziwe majina ya ziada: kwa Google, mtumiaji mmoja anaweza kupewa majina ya ziada hadi 30 bila kulipia zaidi. Hivyo info@, safari@ na hesabu@ vyote vinaingia kwa mtu mmoja leo, na kesho ukiajiri mhasibu unampa hesabu@ bila mgeni kujua kilichobadilika.

Barua zangu zinaangukia kwenye spamu ya wageni. Nifanye nini?

Jibu liko kwenye kumbukumbu za DNS za kikoa chako, yaani maelekezo yanayouonyesha mtandao tovuti na barua zako ziko wapi. Kuna nne za kukagua, na usiogope herufi zake.

MX inaiambia dunia barua zako zipelekwe wapi. SPF ni orodha ya seva zilizoruhusiwa kutuma kwa jina lako; kwa anayetumia Google huwa hivi: v=spf1 include:_spf.google.com ~all. DKIM ni muhuri unaogongwa kwenye kila barua kuthibitisha kwamba haikuguswa njiani. DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini na barua iliyofeli ukaguzi huo, na inakuletea ripoti za nani anatuma kwa jina lako.

Kosa ninalolikuta kila mara ni SPF mbili. Mtu alikuwa na ya hosti, akahamia Google, akaongeza ya pili bila kuondoa ya kwanza. Zikiwa mbili, mpokeaji anazihesabu kuwa kosa, ni kama huna hata moja. Ziunganishe ziwe mstari mmoja. Kosa la pili ni kuanza DMARC kwa ukali. Anza na p=none (usizuie kitu, nipe ripoti tu), soma ripoti kwa wiki chache, hakikisha barua zako zote halali zinapita, ndipo uende p=quarantine (zilizofeli ziwekwe kwenye spamu). Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai SPF au DKIM kwa kila anayewatumia barua, na kwa wanaotuma barua 5,000 na zaidi kwa siku wanadai zote pamoja na DMARC. Wewe huwezi kufika huko, lakini weka zote hata hivyo.

Wageni wanasema wamejaza fomu kwenye tovuti, mimi sijaona kitu.

Fomu inatuma barua ikijifanya inatoka kwa mgeni mwenyewe, tuseme Gmail yake, wakati imetoka kwenye seva yako. Google inaiona ni ya uongo na kuitupa. Mtumaji awe anwani ya kikoa chako, ya mgeni iwekwe kwenye sehemu ya kujibu, na fomu itume kupitia SMTP, yaani seva ya kutumia barua, ya baruapepe yako kwa kutumia nenosiri. Kila mwezi ijaze wewe mwenyewe uone kama inafika.

Mgeni anasema ameshalipa, lakini kwa akaunti ya benki ambayo si yetu. Imekuwaje?

Swali hili huniuma kila nikiletewa, kwa sababu mara nyingi pesa imeshaondoka.

Mwizi huwa ameingia kwenye baruapepe yako wiki nyingi nyuma, kwa nenosiri ulilolitumia pia mahali pengine au uliloliandika kwenye ukurasa bandia. Hafanyi fujo. Anasoma kimya, anaweka kanuni ya kuzipeleka kwake nakala za barua zenye neno "invoice", na anasubiri. Siku unapotuma ankara, naye anaandika kutoka kwenye kikoa kinachofanana na chako, labda "rn" mahali pa "m", akisema benki yetu ya zamani inakaguliwa, tumia akaunti hii mpya. Anajua jina la mgeni, tarehe ya safari, kiasi kilichobaki. Mgeni ataachaje kuamini?

Ikishatokea, mgeni aipigie benki yake saa hiyohiyo aombe malipo yarudishwe, wewe upige kwa yako, na utoe taarifa polisi. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kisha, kabla ya kubadilisha chochote kingine, fungua mipangilio ya baruapepe utafute kanuni na anwani za kupelekea nakala usizozijua. Watu hubadilisha nenosiri wakaridhika, huku kanuni ile inaendelea kumpelekea mwizi kila kitu.

Kabla haijatokea, washa uthibitisho wa hatua mbili kwa kila mfanyakazi. Na kwenye barua ya kwanza kabisa kwa kila mgeni andika: akaunti yetu ya benki haibadilishwi kwa baruapepe, ukipata ujumbe wa namna hiyo, tupigie kwa namba hii. Sentensi hiyo haina gharama yoyote, na ndiyo kinga ninayoitegemea kuliko programu yoyote.

Nimepata barua kutoka China kwamba kampuni fulani inataka kusajili jina langu huko.

Usijibu. Ni utapeli wa zamani wa kukutisha ili ununue vikoa vya .cn au .asia kwa bei ya kuruka. Ndugu yake ni ile ankara ya "kuhuisha kikoa" kutoka kwa watu usiowajua. Kikoa unakilipia kwa msajili wako tu, kwa kuingia kwenye akaunti mwenyewe, kamwe si kwa kubonyeza kiungo cha kwenye barua.

Nakala za pasipoti na fomu za afya za wageni, sheria inasemaje?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inawataka wanaokusanya taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Fomu inayosema mgeni ana pumu au shinikizo la damu ni taarifa nyeti. Isizunguke kwenye kundi la WhatsApp la waongoza watalii. Kusanya unachohitaji, kaa nacho mahali penye nenosiri, na safari ikiisha na hesabu zikafungwa, futa.

Nataka kuhama hosti. Nitapoteza barua?

Hupotezi ukifuata mpangilio. Fungua masanduku yote upande mpya kwanza, hamisha barua za zamani kwa IMAP (njia ya kusoma na kunakili barua zilizo kwenye seva), siku moja kabla punguza TTL kwenye DNS, yaani muda ambao mtandao unakumbuka maelekezo ya zamani, kisha ndipo ubadilishe MX. Hosti ya zamani usiifunge kwa wiki mbili. Chagua Aprili au Mei mvua zikiwa zimepamba moto na wageni ni wachache. Kuhamisha kikoa chenyewe ni jambo jingine: unahitaji kukiondolea kufuli kwa msajili na kupata msimbo wa uhamisho, na .com iliyosajiliwa karibuni haihami kabla ya siku 60.

Nimesahau kulipia kikoa na kila kitu kimezimika. Nimechelewa?

Ingia kwa msajili sasa hivi, kabla ya kumaliza kusoma. Kwa .com, wasajili wengi hutoa siku kadhaa za kulipia kwa bei ya kawaida. Baada ya hapo huja siku 30 za kukomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku tano za kusubiri kufutwa, na jina linaachiwa kwa yeyote. Kwa .co.tz mpigie msajili wako leo, akwambie umebakiwa na siku ngapi.

Ukishalipa, tovuti itarudi ndani ya saa chache hadi siku mbili. Walioandika wakati kikoa kimezimika huenda barua zao zilirudi. Fungua kalenda, tazama nani anatua KIA wiki hii na wiki ijayo, umtumie kila mmoja WhatsApp umwombe airudie barua yake.